Je, Boeing 747 ilianza kama ndege ya jeshi?

*Swali: Shikamoo mhandisi. Hapa kijiweni kwetu Morogoro tumebishana hadi tukachoka. Mjomba wangu anasema Boeing 747 ilibuniwa kwanza kama ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani. Boeing wakashindwa zabuni na Lockheed, na ili wasile hasara wakaifungia viti na kuwauzia mashirika ya abiria. Ushahidi wake ni ile nundu ya mbele: anasema ni mabaki ya ndege ya jeshi. Ni kweli? Kama si kweli, nundu ilitoka wapi? Na kwa nini hawakujenga ghorofa mbili kamili tangu mwanzo, kama Airbus A380?*

Marahaba, ndugu yangu. Msimcheke mjomba wenu, kwa sababu hajatunga. Zabuni ilikuwepo, Boeing walishiriki, wakashindwa, na walioshinda ni Lockheed. Hata nundu ina uhusiano na mizigo, hapo amepatia kabisa. Anapokosea ni pale anapoviunga vipande hivyo kuwa hadithi moja. Hadithi hiyo imeandikwa mara nyingi hata na watu wa taaluma, na Joe Sutter, mhandisi aliyeongoza usanifu wa 747, aliikanusha hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 95, na bado watu walikuwa wanamuuliza swali hilo hilo.

Tuanze na zabuni yenyewe. Mwaka 1964 Jeshi la Anga la Marekani lilitaka ndege kubwa kuliko zote zilizokuwepo, ya kubeba vifaru, malori na helikopta kuvuka bahari bila kutua njiani. Mradi uliitwa CX-HLS. Boeing, Douglas na Lockheed waliwania kujenga ndege, na wenye viwanda vya injini wakawania injini yake kwa zabuni ya pembeni. Jeshi lilitaka mzigo uingie kwa mbele na kutokea kwa nyuma, yaani pua nzima ifunguke. Sasa pua ikifunguka, rubani akae wapi? Kampuni zote tatu zilitoa jibu moja kwa namna tofauti kidogo: zilimpandisha juu ya sehemu ya mizigo. Kwa hiyo ni kweli kwamba mchoro wa Boeing wa ndege ile ulikuwa na kitu kama nundu. Mchoro wa Lockheed nao ulikuwa nayo, na wa Douglas pia.

Mwisho wa Septemba 1965 Lockheed wakatangazwa washindi. Ndege yao ndiyo C-5 Galaxy, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1968.

Hapa naomba mjomba aangalie kalenda. Sutter aliondolewa kwenye mradi wa 737, ndege ndogo ya abiria ya Boeing, na kukabidhiwa kazi ya ndege kubwa ya abiria Agosti 1965. Wakati huo matokeo ya zabuni ya jeshi yalikuwa hayajatoka. Boeing walikuwa bado wanaamini wanaweza kushinda, na wahandisi wao wengi walikuwa wamezama kwenye mchoro wa jeshi. Timu ya Sutter ilikuwa timu nyingine, ndogo, na mwanzoni haikuthaminiwa sana na wenzao. Ndege iliyoanza kuchorwa kabla ya zabuni kupotea haiwezi kuwa mabaki ya zabuni iliyopotea.

Pamoja na hayo, tarehe peke yake haitoshi. Mtu anaweza kusema timu mbili chini ya paa moja huibiana michoro. Basi tuziangalie ndege zenyewe.

Sote tunajua basi la mikoani lililojengwa juu ya chasisi ya lori. Linaenda, linabeba abiria, lakini ukikaa ndani unajua umekaa juu ya lori: sakafu iko juu mno, springi ni za mzigo, na mlango umetobolewa pale ilipowezekana. Kama 747 ingekuwa ndege ya jeshi iliyowekwa viti, tungeziona alama za namna hiyo. Hazipo. Ndege ya jeshi mabawa yake yako juu, yamepita mgongoni, ili tumbo likae karibu na ardhi na lori liweze kupanda lenyewe kwa ngazi ya mteremko. 747 mabawa yake yako chini, chini ya sakafu ya abiria. Kwa abiria mpangilio huo ni salama zaidi: ndege ikilazimika kutua majini, mabawa ya chini husaidia kuishikilia ielee, na ikitua kwa tumbo ardhini, ule muundo mzito wa bawa unakuwa kati ya watu na ardhi. Ndege yenye mabawa ya juu ikielea, abiria ndio wanaokuwa chini ya maji.

Angalia pia jinsi mabawa yalivyolazwa kuelekea nyuma. Ya C-5 yamelazwa kwa nyuzi 25 hivi. Ya 747 yamelazwa kwa nyuzi 37.5, kiasi kikubwa kwa ndege ya abiria, kwa sababu Sutter na wenzake walitaka iende kwa kasi inayokaribia asilimia 85 ya kasi ya sauti. Jeshi halikuwa na haraka hiyo. Mkia wa C-5 una umbo la herufi T, wa 747 ni wa kawaida. C-5 ina magurudumu 28 na inaweza kujishusha, kama inapiga magoti, ipakiwe. 747 ina magurudumu 18: mawili ya mbele, na 16 chini ya tumbo na mabawa katika miguu minne. Ukisimama chini yake karakanani utaona miguu miwili imetoka kwenye mabawa na miwili kwenye tumbo, na imegawanywa hivyo ili uzito wa tani zaidi ya 300 usipasue lami iliyomwagwa kwa ajili ya ndege ndogo zilizotangulia, 707 ya Boeing na DC-8 ya Douglas. Bawa, mkia na miguu vikiwa tofauti vyote, kilichobaki cha kurithi ni kidogo sana.

Isipokuwa kimoja, nacho ni kikubwa: injini.

Injini za jeti za miaka ya 1950 zilikuwa nyembamba, zenye kelele na zenye kunywa mafuta vibaya sana. Injini ya 707 ya baadaye ilitoa msukumo wa pauni 18,000 hivi. Kwa ndege yenye uzito zaidi ya mara mbili ya 707 ungehitaji injini nane au zaidi za aina hiyo, na mafuta yake yasingeacha nafasi ya abiria. Zabuni ya jeshi ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji kufikiri upya. Badala ya kupitisha hewa yote kwenye tanuru, waliweka feni kubwa mbele, na sehemu kubwa ya hewa ikapita nje ya tanuru, baridi, ikisukumwa na feni tu. Hewa nyingi inayosukumwa polepole inatoa msukumo uleule kwa mafuta machache kuliko hewa kidogo inayofyatuliwa kwa kasi. General Electric walishinda zabuni ya injini kwa TF39, ambayo hewa inayopita nje ilikuwa mara nane ya inayopita ndani.

Pratt & Whitney walishindwa. Lakini kazi waliyokuwa wameifanya, kwa sehemu kwa fedha za jeshi, haikutupwa. Ndiyo iliyozaa JT9D, injini ya kwanza ya 747: feni yake ina upana wa karibu mita 2.4, hewa ya nje ni takribani mara tano ya ile ya ndani, na msukumo ni pauni 43,500. Kwa hiyo kama mjomba anataka kushikilia kwamba 747 ilitokana na zabuni ya jeshi iliyopotea, namruhusu, ila kwa sharti aseme zabuni ya injini, na aliyeipoteza ni Pratt & Whitney.

Sasa twende kwa aliyeitaka ndege hii. Juan Trippe, mkuu wa shirika la ndege la Marekani la Pan American (Pan Am), ndiye aliyekuwa amewasukuma Boeing na Douglas kuingia zama za jeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Kufikia 1965 abiria walikuwa wanaongezeka kila mwaka, viwanja vimejaa ndege, na hesabu yake ilikuwa rahisi: ukibeba watu mara mbili na nusu kwa safari moja, gharama kwa kila kiti inashuka, na tiketi inaweza kushuka nayo. Alimtaka Bill Allen, rais wa Boeing, amjengee ndege yenye ukubwa wa mara mbili na nusu ya 707. Desemba 1965 wakatia saini barua ya makubaliano, na Aprili 1966 Pan Am ikaagiza ndege 25 kwa dola milioni 525. Wakati huo 747 haikuwa hata na kiwanda cha kujengewa.

Trippe alikuwa na picha kichwani: ghorofa mbili kamili, kama meli. Wahandisi wa Boeing nao walianzia hapohapo, na ndilo wazo linalomjia kila mtu. Ukitaka ndege kubwa kuliko 707, unachukua kiwiliwili cha 707 unakipachika juu ya kingine. Timu ya Sutter ilichora ghorofa mbili mara nyingi, kwa mabawa ya juu, ya chini na ya katikati. Kadiri walivyochora ndivyo walivyozidi kuichukia. Ndege ilitoka fupi na nene, bawa likawa kubwa kuliko mwili unavyostahili, na mizigo ya abiria haikupata pa kukaa vizuri.

Na kuna jambo la kutoka. Sheria za Marekani zilikuwa zinakazwa miaka hiyohiyo: mtengenezaji aonyeshe kwamba ndege iliyojaa inaweza kumwaga watu wote nje kwa sekunde 90, tena kwa kutumia nusu tu ya milango. Kwenye ghorofa ya pili, mtu anasimama mlangoni anaangalia chini kama yuko juu ya paa la nyumba, na kuna mteremko wa mpira tu mbele yake. Watu mia nyuma yake wanasubiri aamue.

Ugumu ulikuwa kumwambia Trippe. Sutter hakutegemea hesabu peke yake. Boeing walijenga mifano ya mbao ya ukubwa halisi, ya ghorofa mbili na ya ghorofa moja pana, na wakawaalika Pan Am waje wapande wenyewe. Ya ghorofa mbili ilionekana kama ilivyokuwa: ya kutisha ukiwa juu, ya kubana ukiwa ndani. Ya ghorofa moja ilikuwa kitu ambacho hakuna abiria aliyewahi kukiona. Dari iko juu, kuta zinasimama karibu wima, na njia za kupita ziko mbili badala ya moja. Trippe alielewa. Kwangu mimi, siku ile ya mifano ya mbao ndiyo siku 747 ilipozaliwa, kuliko siku nyingine yoyote inayotajwa.

Lakini upana ule ulipatikanaje? Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui, na ndipo mjomba anapopata alama zake za pili.

Mwaka 1965 karibu kila mtu kwenye biashara ya ndege aliamini kwamba abiria wa miaka ya 1970 na 1980 wangesafiri kwa ndege zinazopita kasi ya sauti. Waingereza na Wafaransa walikuwa wanajenga Concorde. Boeing wenyewe walipewa mradi wa Marekani wa ndege ya namna hiyo mwishoni mwa 1966, na ndio ulioonekana mradi wa heshima; Sutter na ndege yake isiyofikia kasi ya sauti walionekana kama watu wa kushikilia nafasi kwa muda. Kwa mantiki hiyo 747 ingebeba abiria miaka michache, kisha ingehamia kwenye mizigo kwa maisha yake yote yaliyobaki. Basi wakaamua iwe ndege nzuri ya mizigo tangu mchoro wa kwanza.

Mizigo ya baharini ilikuwa inahamia kwenye makontena, na mengi yalikuwa na upana wa futi 8 na kimo cha futi 8, yaani mita 2.44 kila upande. Wabunifu wakajiuliza: tukitaka kuweka makontena mawili ubavu kwa ubavu, ndege iwe pana kiasi gani? Chukua karatasi uchore mwenyewe. Chora miraba miwili imebanana. Sasa izungushie duara, kwa sababu kiwiliwili cha ndege hujazwa hewa ya shinikizo huko juu, na mviringo ndio umbo linalobeba shinikizo bila kulazimika kuwekewa vyuma vingi. Utaona duara linaamuliwa na pembe mbili za juu za miraba. Ukishalichora, sakafu ya makontena inaangukia chini kidogo ya katikati ya duara, karibu kabisa na sehemu yake pana zaidi. Pembeni panabaki nafasi, na chini ya sakafu panabaki chumba cha kina kinachotosha makontena mengine ya mizigo ya abiria. Upana wa ndani unatoka karibu mita 6.1.

Toa makontena, weka viti. Vinaingia tisa au kumi kwa mstari na njia mbili za kupita. Kwa hiyo yule abiria anayefurahia kwamba 747 ni pana kama sebule anafurahia vipimo vya kontena. Hakuna aliyekaa akapima mabega ya watu kwanza.

Nundu nayo ilikuja kwa njia hiyo. Ikiwa kontena refu litaingia kwa mbele, pua lazima ifunguke, na chumba cha marubani hakiwezi kukaa puani. Kikapandishwa juu ya sakafu ya mizigo. Kuna sababu nyingine ambayo wahandisi waliizingatia: mzigo mzito ukichomoka kwenye minyororo yake ndege ikigonga kitu, unakwenda mbele. Marubani wakiwa usawa wa sakafu ya mizigo, unawakuta. Wakiwa juu, unapita chini yao. Hivyo hata bila mlango wa pua hoja ya kuwapandisha ingekuwepo.

Ukishakiinua chumba cha marubani huwezi kukiacha kimechomoza kama boksi, hewa itavurugika nyuma yake na ndege itapoteza kasi na mafuta. Lazima ukinyooshe taratibu kwenda nyuma mpaka kiungane na mgongo. Ule mnyoosho ndio nundu. Ndani yake pakabaki nafasi ambayo hakuna aliyeiomba. Boeing walifikiria iwe mahali pa marubani kupumzika. Trippe alipoiona kwenye mfano wa mbao alisema hapana, hapo wakae abiria. Pakawekwa sebule ya daraja la kwanza, unapanda kwa ngazi ya mzunguko, na miaka ya mwanzo baadhi ya mashirika waliweka hata baa. Baadaye walipogundua kwamba viti vinalipa kuliko vinywaji, nundu ikarefushwa na sebule ikafa.

Kwa hiyo mjomba anaposema nundu ni ya ndege ya mizigo, ni sawa. Ni ya ndege ya mizigo ambayo 747 yenyewe ilitarajiwa kuwa. Mchoro wa jeshi na mchoro wa Sutter vilikutana hapo kwa sababu viliulizwa swali moja, pua ikifunguka rubani akae wapi, na sidhani kama kuna jibu lingine la maana. Sitakataa kwamba kuona wenzako wamelitatua hivyo kunakupa ujasiri. Boeing ilikuwa kampuni moja, watu walikula kantini moja. Lakini kutoka hapo hadi kusema ndege ni ileile ni mbali.

Kumpandisha rubani kulileta tatizo dogo ambalo napenda kulisimulia. Macho yake sasa yalikuwa karibu mita tisa kutoka ardhini, na magurudumu yako nyuma yake sana. Ukiendesha ndege ardhini kwa mazoea ya 707, unakata kona mapema na magurudumu yanaingia kwenye majani. Rubani wa majaribio Jack Waddell na wenzake walijengewa chumba cha marubani bandia juu ya nguzo, kikafungwa kwenye lori, wakawa wanazungushwa nacho wajifunze kukata kona kutoka kimo hicho. Waddell ndiye aliyeirusha ya kwanza, tarehe 9 Februari 1969, akiwa na Brien Wygle na Jess Wallick. Concorde iliruka wiki tatu baadaye.

Kuhusu kiwanda nitapita haraka. Ilibidi Boeing wajenge jengo jipya Everett, kaskazini ya Seattle, ambalo hadi leo ndilo kubwa kuliko yote duniani kwa ujazo, na ndege ikaanza kuunganishwa kabla ujenzi haujakamilika. Madeni yalifikia mahali pa kuiangusha kampuni. JT9D nayo iliwasumbua: msukumo wake ulikuwa unaupinda mwili wa injini ukawa kama yai, mapanga yakasuguana na ukuta kwa upande mmoja na kuacha mwanya upande mwingine. Kwa muda kulikuwa na ndege zimepangwa uwanjani Everett bila injini, matofali ya zege yamening'inizwa kwenye mabawa badala yake ili zisikose mizani. Dawa ilikuwa fremu ya kugawa nguvu ile pande mbili za injini. Safari ya kwanza ya Pan Am, New York hadi London, Januari 1970, ilichelewa kwa saa kadhaa kwa sababu injini ilipata joto kupita kiasi na ikabidi waite ndege nyingine.

Kuna jambo moja la usanifu linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa uchungu. Nilisema mabawa ya 747 yamelazwa sana ili iende kasi. Bawa la namna hiyo linapenda mwendo. Ukipunguza, linaacha kuinua. Ndiyo maana Boeing waliliwekea flapu, yaani vibao vya bawa vinavyofunguliwa wakati wa kuruka na kutua ili bawa liinue zaidi: kubwa za nyuma zenye vipande vitatu vinavyofunguka kimoja nyuma ya kingine, na flapu nyingine kwenye ukingo wa mbele. Zile za mbele zilisukumwa kwa hewa ya shinikizo inayochukuliwa kutoka kwenye injini. Tarehe 20 Novemba 1974, 747 ya Lufthansa iliondoka Nairobi kwenda Johannesburg. Vali za hewa ile zilikuwa zimefungwa, flapu za mbele hazikufunguka, na chumbani mwa marubani hakukuwa na onyo la kutosha kuwaambia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ndege ilinyanyuka kidogo, ikatetemeka, ikaanguka ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia. Watu 59 walikufa kati ya 157. Ilikuwa 747 ya kwanza kuanguka na kuua, na baada yake Boeing waliongeza mfumo wa kuwaonya marubani kwamba flapu za mbele hazijafunguka. C-5, yenye bawa lililolazwa kidogo, haikubuniwa kwa mwendo ule. Ndege iliyobuniwa kukimbia huzitegemea sana flapu zake.

Nimebakiza swali lako la mwisho, la ghorofa mbili. Sehemu ya jibu umeshaipata: kutoka kwa dharura na umbo baya la ndege. Sehemu ya pili ni mizigo tena. Ghorofa ya juu inakukata kimo cha ya chini, kontena la futi 8 haliingii. Airbus walipojenga A380 walikuwa na vifaa vyepesi, kompyuta za kuchorea na miteremko bora ya kuokolea, hivyo ghorofa mbili zikawezekana, ya kwanza ikakabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Waliahidi na toleo la mizigo. FedEx na UPS waliagiza, wakachoshwa na ucheleweshaji, wakafuta, na toleo hilo halikujengwa kamwe. Hata lingejengwa, sakafu zake tatu zingehitaji mitambo ya kupakia ya pekee, na pua haifunguki kwa sababu chumba cha marubani kiko katikati ya ghorofa mbili. A380 ya mwisho ilikabidhiwa kwa Emirates Desemba 2021, na zilizokabidhiwa kwa wateja zote ni 251.

747 zilijengwa 1,574. Ndege za kasi ya sauti hazikuja kuchukua abiria wake: Bunge la Marekani lilikata fedha za mradi wa Boeing mwaka 1971, na Concorde zilibaki chache. Zilizowachukua ni ndege za injini mbili, ambazo mwaka 1965 hakuna aliyezifikiria kwa safari za kuvuka bahari. 747 ya mwisho kabisa ilikabidhiwa kwa shirika la mizigo la Atlas Air tarehe 31 Januari 2023, nayo ilikuwa ya mizigo. Mkitaka kuimaliza hoja na mjomba kwa macho, tafuteni siku mwende Jomo Kenyatta, Nairobi, ambako 747 za mizigo bado huja kuchukua maua ya Naivasha kuyapeleka Ulaya. Nyingi pua yake hufunguka kwenda juu. Mwonyesheni chumba cha marubani kilipo wakati imefunguka, kisha mwonyesheni bawa lilipo, na mumwache ahukumu mwenyewe.